Kiti cha Pili

Koboko, Jumapili alasiri

Mwanangu Safia,

Umekwenda Kuluba kumuaga baba yako mkubwa Musa, na najua atakuchelewesha, kwa hiyo nimefunga gereji mapema nikaja kukaa hapa mezani na kalamu. Mambo ya godoro, ndoo, sabuni na ile karatasi ya chuo mama yako ameyamaliza tangu juzi. Begi lako amelipanga yeye, na mimi sina la kuongeza.

Musa leo atakusimulia tena habari ya gari. Atakwambia jinsi baba yako, mwaka wa sabini na tisa, alivyomtia mama yako na wewe mchanga katika lile gari dogo la Kiingereza, akawatoa Arua na risasi zikilia nyuma, akawafikisha mpakani salama. Ameisimulia harusini, ameisimulia matangani, na kila mwaka gari linazidi mbio. Nimekaa miaka kumi na minane nikimsikiliza na kutazama viatu vyangu.

Ningeweza kuendelea kutazama viatu. Lakini mwezi uliopita ulinisomea barua uliyowaandikia watu wa chuo, ya kueleza kwa nini msichana anataka kusomea ufundi wa magari. Uliandika kwamba uhai wako uliokolewa na baba fundi na gari alilolitengeneza kwa mikono yake. Ulipomaliza uliniuliza, "Baba, ni sawa?" Nikasema ni sawa, halafu nikaingia chini ya lori la mtu ambalo halikuwa na kasoro yoyote, nikakaa humo mpaka ulipoondoka.

Haikuwa sawa, Safia. Nakuandikia ilivyokuwa.

Wakati huo nilikuwa koplo katika gereji ya jeshi kule Jinja, kazi yangu malori. Nilipokuja likizo Arua nikakuta mwalimu mmoja wa Kiingereza anafungasha kurudi kwao. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na gari la kijani la viti viwili, halina paa ila turubai la kukunja. Giaboksi ilikuwa imekufa, na kuku walikuwa wanataga chini ya usukani. Nilimpa baiskeli yangu na redio, naye akanipa gari, kitabu cha matengenezo na spana za inchi. Tulilivuta kwa kamba hadi Awindiri, kwa wazazi wa msichana niliyekuwa namposa, maana mimi sikuwa na uwanja mjini. Huyo msichana ndiye mama yako.

Lilikuwa jepesi mno. Wanaume wanne waliweza kushika nyuma na kuligeuza papo hapo lilipo. Watu wa Koboko walipoliona mara ya kwanza waliuliza nusu yake nyingine iko wapi, na jina likabaki hilo, Nusu-Gari. Nilimaliza mwaka mzima wa likizo na ruhusa za siku mbili mbili nikilifufua. Umeme wake ulikuwa na visa: ukiwasha taa, honi inalia, ukipiga honi, taa zinazimika. Kabureta zilikuwa mbili, na ukitaka zipumue sawa inakubidi uchukue kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, usikilize mluzi wa hewa, kisha uhamie ya pili, na uzungushe skrubu taratibu mpaka miluzi miwili iwe mmoja. Kazi hiyo unaijua. Tangu ukiwa na miaka tisa sikio lako limekuwa zuri kuliko langu.

Siku lilipowaka vizuri nililipeleka barabara ya Koboko peke yangu, turubai limeshushwa. Unakaa chini karibu na ardhi, mkono ukiuning'iniza nje unagusa majani. Sitakudanganya kwamba nilijuta kulipata. Nililipenda. Nilikuwa mtoto wa mkulima wa mihogo, na wakubwa waliokuwa wakinipigia kelele Jinja hawakuwa na kitu kama kile.

Mama yako nilimwoa kwa gari hilo. Tulitoka Awindiri asubuhi, yeye na shela jeupe, tukafika Kuluba wawili wekundu kwa vumbi, hata mama yangu akauliza bibi harusi ni yupi. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo usidhani alilichukia gari. Alilipenda pia, mpaka ulipokuwa tumboni.

Hapo ndipo alipoanza kuniambia niliuze, nitafute pikapu hata kuukuu. Nilimwambia nitafikiria. Nilichokuwa nafikiria ni springi. Nilikata springi ili gari likae chini zaidi na lisiyumbe kwenye kona. Niling'oa bampa zote mbili, nikang'oa kishikio cha tairi la akiba. Nyuma ya viti kulikuwa na nafasi ndogo yenye ubao, pa kuweka mfuko, au mtoto ukimlaza. Mwalimu yule alikuwa akimweka mbwa wake hapo. Niliung'oa ubao, nikaweka tangi la pili la petroli, nitoke Jinja hadi nyumbani bila kutafuta mafuta njiani. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, tumbo kubwa, akanitazama nikikaza boliti za tangi. Akaniuliza mtoto atakaa wapi. Nikamwambia atakupakata. Akaingia ndani.

Vita vilipogeuka, mwaka ule wa sabini na tisa, nilikimbia Jinja kama wote. Nilifika Awindiri nimevua sare, na wewe ulikuwa na miezi kumi na moja. Kwa wiki kadhaa tulidhani huku kwetu mbali jeshi lililotushinda halitafika. Halafu asubuhi moja barabara ikajaa watu. Wanatembea kuelekea Koboko na Maracha, na magodoro, na mbuzi, na watoto wamefungwa migongoni. Ilisemekana wanajeshi wa upande ule wako Pakwach, na kwamba familia ya askari yeyote itakayokutwa haitaulizwa jina.

Nililitoa gari. Sasa nisome vizuri hapa. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, na mama yako alikuwa amesimama uani na wewe mgongoni, kifurushi kichwani, tayari. Mimi nikaingia stoo, nikatoa sanduku la spana nikaliweka juu ya kiti kile. Nikatoa giaboksi ya akiba, nikaiweka chini pa miguu. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, nikaifunga kwa blanketi, nikaiweka juu ya sanduku.

Nilikuwa na sababu. Fundi ana sababu daima. Nilisema vyombo vile ndivyo chakula chetu huko tuendako. Nilisema gari likikutwa hapa litachukuliwa kabla ya kitu kingine chochote, ila mwanamke na mtoto wanaweza kujificha kwa jirani saa tatu nne. Nilisema ni maili thelathini na kitu tu, nitashusha vitu kwa Musa, nirudi kabla ya adhuhuri. Yote hayo niliyasema huku nikikaza kamba, bila kumtazama.

Mama yako alisema, "Hii chuma iko na uwezo ya kungoja. Mimi na mtoto hapana."

Nikasema, "Saa tatu tu."

Nikawasha. Nilipofika barabarani nilipiga honi mara mbili na kumpungia mkono, kama mtu anayekwenda sokoni. Katika yote niliyofanya siku ile, mkono ule ndio unaonirudia zaidi.

Njiani watu walitupisha, mimi na sanduku langu. Mwanamume mmoja aliyembeba mama yake mzee mgongoni alisimama katikati ya njia na kukinyooshea kidole kiti cha pili. Nikamwonyesha kwamba kimejaa. Akalitazama lile blanketi vizuri, akaona silinda hedi, akanipisha. Sikujua jina lake, na sijamwona tena, na nimemtafuta kila soko nililoingia.

Nilifika Kuluba, nikashusha, nikageuza. Lakini sasa nilikuwa nakwenda kinyume cha watu wote wa Arua. Barabara imejaa pande zote mbili, na mimi napita pembeni kwenye majani na mawe. Kabla ya kufika njia ya Maracha nikagonga jiwe. Gari la kawaida lingepita juu yake. Langu nilikuwa nimelikata springi. Jiwe likapasua sampu, lile karai la chini ya injini linalobeba oili, na oili yote ikamwagika mavumbini.

Ningekuwa mume wa kweli ningeshuka hapo hapo na kuanza kutembea. Mimi nililala chini ya gari. Nilikanda sabuni ya kipande, nikaziba ufa, na sabuni ikashika. Nikaanza kuomba oili kwa watu wanaokimbia, Safia. Watu wenye watoto mgongoni, mimi nawauliza kama wana oili. Nilimaliza mchana wote hivyo. Jua lilipoanza kushuka nikalisukuma vichakani, nikalifunika nyasi, na nikasimama hapo nikilitazama tena. Halafu ndipo nikaenda.

Niliwakuta kesho yake asubuhi, kwenye kilima, yeye akiwa ametembea tangu jana. Alikuwa peku, viatu vimekatika. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipomkaribia hakusimama. Alipita karibu nami, akasema, "Mtoto ana kiu," na akaendelea kutembea. Sikuwa na maji. Nilikuwa nimewaacha na kurudi mikono mitupu.

Nikakuchukua. Alinifungia wewe mgongoni kwa kanga yake bila kunitazama usoni, na nikakubeba hivyo mpaka kisimani, na kutoka kisimani mpaka Kuluba, na siku ya tatu mpaka ng'ambo, upande wa Zaire. Wanaume wengine walinicheka. Ulinikojolea mgongo mzima. Kwa mara ya kwanza tangu ulipozaliwa nilijua uzito wako.

Gari lilivuka mpaka wiki mbili baada yako. Musa na vijana wa Kuluba walilivuta kwa kamba, na yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani. Nadhani hapo ndipo hadithi yake ilipoanzia. Watu waliliona likivuka, wakatuona sisi tuko hai, wakaunganisha. Mimi sikuwakatalia.

Kule ng'ambo tulikaa karibu miaka sita. Niliziba sampu kwa kipande cha sufuria na boliti, nikapata oili ya lori. Vyombo vile, ni kweli, vilitulisha. Hilo ndilo lililonichelewesha kukiri, maana kila tulipokula nilijiambia, umeona, nilikuwa sawa. Mama yako alipika, alilima, alinijibu nilipomuuliza. Ndani ya gari hakuingia. Likienda sokoni yeye alitembea.

Nilianza kulibadilisha upya. Kwanza nilitoa tangi la pili. Nikaweka springi za pikapu, magurudumu makubwa, bamba la chuma chini ya injini. Nikakata bodi nyuma ya viti, nikajenga karoseri ya mbao wanamoweza kukaa watu watano. Uzuri wote ukaisha. Mwalimu yule angeliona angelia. Kila boliti niliyoifunga ilikuwa neno nililoshindwa kulisema, na nilidhani mama yako analisikia. Siyo hivyo, mwanangu. Mtu haambiwi kwa boliti.

Mwaka wa tatu akaja uani asubuhi nikiwa nasafisha plagi, akasema, "Nifundishe kuendesha."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mimi hapana taka tena kungoja mutu anirudie," akasema.

Nilimfundisha kwenye uwanja wa soko siku zisizo za gulio. Unamjua: hakuuliza mara mbili. Gia ya kwanza ya gari lile inauma usipolisimamisha kabisa, na alijifunza kuisikia kwa mguu. Watu walisema. Shehe mmoja alimtuma mtu kuja kuniuliza kama nimeumwa mkono. Miezi michache baadaye ulipata surua, nami niko siku mbili mbali nikitengeneza mashine ya kahawa ya tajiri mmoja. Mama yako alikulaza kwenye kiti cha pili, akakufunga na kanga, akaendesha peke yake mpaka hospitali ya misheni katika matope ambamo malori yalikuwa yamekwama. Niliporudi nikakuta uani alama za magurudumu tu. Nilikaa kwenye kizingiti siku nzima. Nilijua sasa aliyebaki huwa anawaza nini.

Ulipona. Ukitaka kumwambia mtu kwamba gari lile liliokoa uhai wako, unaweza, ni kweli kabisa. Ila utaje dereva.

Baada ya kurudi Koboko unakumbuka mwenyewe mengi, gereji ya mabati, mama yako akipeleka mihogo na chumvi mpakani, watoto wakilikimbilia Nusu-Gari wakipiga kelele. Unakumbuka pia miaka ya tisini ilipoanza, Wasudani walipokuja kwa miguu wakikimbia vita vya kwao. Wewe tulikuwa tumekupeleka shule Arua, kwa hiyo siku zile nne hukuziona.

Siku ya kwanza mama yako alikuwa ametoka kupeleka mihogo, akakutana nao njiani. Alimwaga mihogo yote kando ya barabara, akapakia wazee na wanawake wenye watoto, akawaleta mjini, akageuza. Jioni alikuja gereji, akanywa maji, akasema, "Kesho saa kumi na mbili. Angalia springi ya kushoto." Hakuniuliza petroli itatoka wapi. Niliuza betri mbili za gereji. Kwa siku nne yeye aliendesha na mimi nilikaa nyuma kwenye karoseri, na kopo la oili na spana, nashuka kila tunaposimama kuangalia chini ya injini. Watu walipokuwa wengi nilishuka nikatembea, mwingine akakaa pangu. Hakuna aliyenilazimisha, na sikuona kuwa nafanya jambo kubwa.

Siku ya nne petroli ikatuishia nje ya mji. Tukakaa chini ya kivuli cha gari tukingoja Musa alete dumu. Mama yako alikuwa anatoa miiba ya majani kwenye kanga yake. Nami nikasema, bila kupanga, kwamba siku ile Awindiri ningeacha sanduku nikawachukua ninyi, na kwamba nilijua hivyo hata nilipokuwa nakaza kamba. Miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita, na maneno yenyewe hayakujaza hata pumzi moja.

Alitoa miiba mingine miwili mitatu. Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja hiyo neno. Siyo ya kuomba samahani. Nilitaka tu kujua kama wewe najua."

Basi. Musa akaja na dumu, tukajaza, tukaondoka. Lakini siku ile, tulipokuwa tunarudi, aliniambia nije nikae mbele.

Sina busara kubwa ya kukupa, Safia. Ninalojua ni hili la kwangu, kwamba nilimkosea mtu asubuhi moja na nikachelewa kumwambia miaka mingi, na kuchelewa kule kulimuumiza kuliko njia ya kutoka Arua. Utakosea huko Kampala. Utawakosea watu unaowapenda, pengine ukiwa na sababu nzuri na mikono hodari kama yangu. Usimtengenezee mtu kitu ukitumaini ataelewa. Mwambie. Hata ukigugumia.

Na ukipenda gari, penda. Sikuandikii haya ili uache. Nilikuona wiki iliyopita umelala chini ya injini na tochi mdomoni, na moyo wangu ulijaa. Chuo kile kimepata fundi. Ile barua uliyowaandikia sijakwambia uibadilishe. Ni yako, wewe ndiye utakayeamua sasa unapojua. Musa nitamwambia mimi mwenyewe, kesho ukishaondoka, na atakasirika wiki moja.

Mama yako ameisoma hii mpaka hapa. Alisahihisha mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika kwamba siku ile ya kilimani alilia. Anasema hakulia, aliyelia ni mimi.

Sitakupa mkononi. Ataitia kwenye begi chini ya nguo zako, uikute basi likiwa limevuka Pakwach, kwa sababu ukiisoma hapa mbele yangu, ukaniinulia macho, nitaanza tena kukueleza habari ya vyombo, na jinsi vilivyotulisha.

Mimi baba yako,
ninayekupenda